Stilhedi wa mwitu wanaishia wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi jirani na ghuba ya Puget Sound, jimbo la Washington, Marekani. Kila ndugu anayekuja kunitembelea nampeleka kwanza Ballard, mjini Seattle, kwenye malango ya maji yanayopandisha na kushusha meli kati ya bahari na Ziwa Washington. Pembeni pana ngazi ya samaki yenye vidaraja 21, na chini yake chumba chenye vioo. Unasimama gizani, samoni anapiga mkia mbele ya pua yako. Swali la kwanza huwa "hawa wanaliwa?" La pili: "na yule stilhedi unayemsimulia kila siku yuko wapi?" Hata mimi pale simwoni. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi, na majibu yake.

Stilhedi ni samaki gani hasa?

Ni trauti wa upinde wa mvua, Oncorhynchus mykiss, aliyekwenda baharini. Hakuna aina mbili hapa. Mama mmoja anaweza kutaga mayai, mtoto huyu akabaki mtoni maisha yake yote bila kuzidi urefu wa kiganja na kidole, na nduguye siku moja akaanza kung'aa fedha, akateremka mpaka Pasifiki. Huko anakaa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, kisha anarudi kwenye mto ule ule alikozaliwa akiwa na kilo nne, tano, wengine kumi. Jina lake la Kiingereza maana yake kichwa cha feleji, na ukimshika ukaona ule mgongo wenye rangi ya chuma kipya hutauliza kwa nini.

Kwao ni ukingo wa Pasifiki ya kaskazini: kuanzia rasi ya Kamchatka huko Urusi, kupitia Alaska na British Columbia, kushuka Washington, Oregon na Idaho mpaka kusini mwa California.

Kuna mambo mawili ya kushika, maana majibu mengine yote yanayategemea. La kwanza, mtoto wa stilhedi hakimbilii baharini. Samoni wa aina nyingine, kama pinki na chum, huteremka wakiwa bado vifaranga vya juzi. Stilhedi anakaa mtoni mwaka mmoja hadi mitatu kabla ya kuondoka, kwa hiyo mto ukiugua, yeye anaugua nao kiangazi baada ya kiangazi. La pili, samoni wa Pasifiki hutaga mara moja akafa, lakini stilhedi anaweza kutaga, akarudi baharini amekonda kama ufito, akanenepa na kuja tena. Jike aliyefanya safari hiyo mara mbili au tatu ni mali kubwa kwa mto wake.

Mbona trauti wapo tele? Si hata Nyeri wapo?

Wapo. Walowezi waliwaleta trauti wa kahawia katika mto Gura mwaka 1905, na wa upinde wa mvua wakafuata kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Kituo cha Kiganjo kimezalisha vifaranga vyao miaka mingi. Leo samaki huyu yupo kila bara isipokuwa Antaktika, na ameorodheshwa kati ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani, kwa jinsi anavyomaliza samaki wa wenyewe anapopelekwa ugenini.

Kwa hiyo hakuna anayesema aina hii inatoweka. Kinachotoweka ni koo. Kila mto una ukoo wake: huu unarudi kiangazi, ule unarudi katikati ya baridi, mwingine unapanda mamia ya kilomita mpaka milimani Idaho. Ukoo ukiisha katika mto, kuleta trauti wa shambani haurudishi.

Hali ikoje kwa hesabu?

Mto Columbia, unaopita mpakani mwa Washington na Oregon, una bwawa la Bonneville, ambako samaki wanaopita ngazini wamehesabiwa mmoja mmoja tangu 1938. Mwaka 2021 stilhedi waliopita walikuwa wachache kuliko mwaka wowote tangu hesabu ianze. Wale wa Puget Sound waliingizwa katika orodha ya serikali ya Marekani ya viumbe walio hatarini mwaka 2007. Wa kusini mwa California waliingia tangu 1997, tena katika ngazi mbaya zaidi, na mwaka 2024 jimbo lenyewe nalo likawatangaza hivyo.

Kanada nako si shwari. Mito Thompson na Chilcotin, inayoishia katika mto Fraser, ilikuwa na stilhedi waliosifika duniani kwa nguvu. Kufikia 2018 waliorudi kutaga hawakufika mia tatu kwa mito yote miwili. Jopo la wanasayansi linaloishauri serikali lilipendekeza walindwe kwa dharura. Serikali ikakataa.

Nani aliwavua wakafikia hapo?

Mwanzo wa habari ni makopo. Kiwanda cha kwanza cha samoni wa kopo kwenye Columbia kilifunguliwa mwaka 1866, na baada ya hapo viwanda vikapangana ukingoni. Kulikuwa na mitambo kama magurudumu ya kinu: maji ya mto yanalizungusha gurudumu, gurudumu linachota samaki mchana na usiku, mwenyewe amelala. Oregon iliyapiga marufuku kwa kura ya wananchi mwaka 1926, Washington mwaka 1934. Stilhedi hakuwa aliyetafutwa zaidi, lakini gurudumu halimuulizi samaki jina.

Na hilo ndilo tatizo la uvuvi hadi leo. Stilhedi wa Thompson hupita mlango wa Fraser wakati samoni chum wanapovuliwa kwa nyavu za makila. Mvuvi hamtaki, pengine hata haruhusiwi kumbakiza, lakini samaki akishakaa wavuni na matamvua yamebanwa, kumtupa majini ni kutupa maiti.

Waliokulia ukingoni mwa Ziwa Viktoria wanaijua hadithi hii kwa jina jingine: ningu. Naye alikuwa akitoka ziwani kupanda mito kama Nzoia wakati wa mafuriko ili akatage. Nyavu za makila zikapangwa midomoni mwa mito wakati huo huo akiwa amejaa mayai, na kufikia miaka ya 1950 na 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Samaki anayepita mlango mmoja kwa msimu mmoja ni rahisi mno kumaliza.

Kuna madhara mengine ya uvuvi ambayo hayaonekani haraka. Vituo vya vifaranga vya Washington vilizalisha stilhedi wanaorudi mapema, Desemba na Januari, ili wavuvi wawachukue kabla wale wa mwitu hawajafika kwa wingi. Wazo zuri kwenye karatasi. Lakini wapo wa mwitu waliokuwa wakirudi mapema pia, nao wakavuliwa pamoja, mwaka hadi mwaka, mpaka katika mito kadhaa msimu wa mwitu ukabaki na nusu yake ya mwisho tu. Mto ukipata mafuriko mabaya mwezi Machi, hakuna tena waliotangulia kutaga.

Wenyeji asilia wanaruhusiwa kuvua kwa nyavu. Si wao ndio wanaowamaliza?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, kwa hiyo nalijibu kwa sauti ya juu: hapana. Makabila ya huku yalisaini mikataba na Marekani mwaka 1854 na 1855. Walitoa karibu ardhi yao yote, wakabakiza haki ya kuvua mahali walipozoea. Kisha kwa miongo mingi jimbo likawakamata kwa kuvua. Billy Frank Jr., wa kabila la Nisqually, alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na miaka 14, na baada ya hapo zaidi ya mara 50. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba makabila yana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa bila kudhuru mto, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaunga mkono mwaka 1979.

Kabla ya hukumu hiyo walikuwa wakipata sehemu ndogo sana ya samaki. Mito ilikuwa imeshaanza kukauka samaki mikononi mwa wengine. Ndiyo, wavu wa kabila ukiwekwa mahali pabaya wakati mbaya nao unaua stilhedi wa mwitu, na makabila kadhaa yamefunga uvuvi wao yenyewe kwa sababu hiyo. Lakini ukihesabu nani amefungua mito iliyozibwa, utakutana na majina yao mara nyingi kuliko ya wanaowalaumu.

Basi si uvuvi upigwe marufuku, yaishe?

Kufunga uvuvi ndiyo hatua unayoweza kuichukua kesho asubuhi, na ndiyo sababu huchukuliwa. Mwishoni mwa 2020 Washington ilikataza kuvua stilhedi kutoka ndani ya boti na kwa chambo katika mito ya pwani ya Pasifiki. Machi 2022 ikaufunga msimu wa wavuvi wa mshipi kabla haujaisha. Nakubaliana na hatua zote mbili. Lakini kusini mwa California hakuna anayewavua kihalali, na bado wanahesabika kwa vidole. Pale kilichoisha ni mto.

Makazi yao yanaharibikaje?

Anza na yai. Jike huchimba kokoto kwa mkia, akalaza mayai, akayafukia. Yai linapumua maji baridi yanayopita kati ya kokoto. Msitu wa juu ukikatwa na barabara ya magogo ikapasuliwa mlimani, mvua inaleta tope laini linaloziba nafasi hizo, na yai linakosa hewa kama mtoto aliyefunikwa blanketi usoni.

Kisha magogo. Mto wenye afya huku hauko safi hata kidogo: miti mikubwa imeanguka, imelaliana, maji yanazunguka nyuma yake yakichimba madimbwi yenye kivuli. Humo ndimo mtoto wa stilhedi hujificha miaka yake miwili. Hadi miaka ya 1970 idara za serikali zilikuwa zikiyatoa magogo hayo, zikidhani yanazuia samaki. Sasa zinayarudisha, mengine kwa helikopta. Sijui kama kuna kazi ya serikali ghali kuliko kurudisha kitu ulicholipa kikatolewe.

Kisha kalavati. Bomba lililopita chini ya barabara, upande wa chini maji yamechimba mpaka limebaki likining'inia, nusu mita juu ya mto. Kwa dereva ni barabara tu. Kwa samaki ni ukuta, na nyuma yake kuna kilomita kadhaa za mto zilizofungwa. Makabila 21 yaliishtaki Washington kwamba haki ya kuvua haina maana ikiwa kalavati za jimbo zinazuia samaki kufika. Mwaka 2013 jaji aliamuru mamia ya kalavati yabadilishwe. Mwaka 2018 majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika nne kwa nne, na amri ikabaki pale pale. Jimbo limetumia mabilioni ya dola tangu hapo.

Joto nalo. Stilhedi anapenda maji yaliyo chini ya nyuzi 18 za selsiasi. Yakikaribia 25 anakufa. Maji yakichotwa kwa umwagiliaji na kivuli kikikatwa, mto mdogo unapata joto haraka kama sufuria yenye maji kidogo. Na bahari haimpi tena nafuu ya uhakika: wimbi la joto la Pasifiki la 2014 hadi 2016 lilivuruga chakula cha samaki wengi wa huku.

Los Angeles waliumaliza mto kwa mtindo wao. Baada ya mafuriko ya 1938, wahandisi wa jeshi waliumimina mto wa jiji zege, sehemu kubwa yake chini na kando. Ni mfereji ambao pengine umeuona kwenye filamu, magari yakifukuzana ndani yake. Stilhedi walikuwa wakipanda humo.

Na kuna tairi. Mwaka 2020 watafiti wa Washington walitangaza kwamba kemikali inayotiwa kwenye mpira wa tairi usipasuke, ikikutana na ozoni ya hewani, hugeuka sumu inayoitwa 6PPD-kwinoni. Vumbi la tairi linakaa barabarani, mvua ya kwanza inalisomba mtoni. Samoni koho hufa ndani ya saa chache. Trauti wa upinde wa mvua, naye ndiye stilhedi, ameonekana kudhurika pia.

Lakini mabwawa yana ngazi za samaki, siyo?

Mengine. Grand Coulee, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1940, halina. Columbia yote ya juu yake ilifungwa. Hells Canyon kwenye mto Snake, unaotoka Idaho kuingia Columbia, halina pia.

Stilhedi wa Idaho anapita mabwawa manane yenye ngazi, na kupanda wengi wanaweza. Shida ni mtoto anayeteremka. Zamani mto uliojaa theluji iliyoyeyuka ulimsukuma mpaka baharini upesi. Sasa anafika kwenye ziwa lililosimama, anatafuta mkondo haupo, samaki wakubwa wanamsubiri, mbele kuna tabo, gurudumu la kuzalisha umeme, akitoka hapo linamngoja ziwa jingine. Mara nane. Na yule mama aliyekwisha kutaga, amekonda, anayetaka kurudi baharini anene aje tena, naye apite humo humo.

Si lazima liwe bwawa hata. Mfereji wa bahari uitwao Hood Canal una daraja linaloelea, lililofunguliwa 1961. Maboya yake ya zege yamezama mita kadhaa. Watoto wa stilhedi huogelea karibu na uso wa maji, kwa hiyo wanakutana na ukuta wasioujua, wanazungukazunguka, na sili wamejifunza kuja kula hapo. Vipimo vilionyesha kwamba karibu nusu ya wanaofika darajani hawavuki.

Si wazalishwe vituoni, waachiwe mtoni kwa mamilioni?

Imefanyika kwa zaidi ya karne. Utafiti wa mto Hood, Oregon, uliochapishwa 2007, ulifuata koo za stilhedi kwa vipimo vya jeni, ukaona kwamba kila kizazi kinacholelewa kituoni kinapunguza uwezo wa kuzaa mtoni kwa takriban asilimia 40. Kifaranga wa kituo hukua akimkimbilia mtu anayekuja na chakula. Mtoni, anayekuja kutoka juu ni korongo.

Wa kituo hukatwa pezi dogo la nyama lililo mgongoni karibu na mkia, ndivyo mvuvi anavyowatofautisha. Mwenye pezi anarudishwa. Kama njia ya kuwapa watu kitoweo sina ugomvi na vituo. Kama dawa ya mto ulioharibika, ni kumpaka rangi mgonjwa.

Na simba wa bahari? Wanasemekana kula wote.

Hapa ndipo Ballard inapoingia. Katika miaka ya 1980 simba wa bahari waligundua kwamba stilhedi hujikusanya chini ya ile ngazi wakitafuta mlango. Wakaja. Wa kwanza kupata umaarufu watu walimpa jina Herschel, na wenzake wote wakaitwa hivyo hivyo. Walirushiwa fataki majini, wakapigwa mishale yenye vichwa vya mpira, wakapakiwa kwenye malori mpaka California. Baada ya wiki chache walikuwa wamerudi kazini. Mwaka 1996 ikawekwa hata sanamu ya orka, mnyama anayewala, ili wakimbie. Hawakukimbia. Stilhedi wa Ziwa Washington, waliokuwa zaidi ya elfu mbili mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980, hawakufika mia mwaka 1994.

Kwa hiyo ndiyo, wanakula. Lakini kabla ya malango kujengwa, samaki hao hawakuwa na sababu ya kupanga foleni.

Kuna mahali wamerudi?

Elwha, na ningekuwa na nafasi ningejibu swali hili peke yake. Mto huu wa hapa Washington unatoka kwenye theluji za milima ya Olympic, na ulizibwa mara mbili: bwawa la Elwha mwaka 1913, lenye mita 33, bila ngazi, na Glines Canyon mwaka 1927, mita 64. Samaki wa baharini wakabakiwa na kilomita nane tu za chini. Kabila la Lower Elwha Klallam lilipigania miongo mingi mabwawa yaondolewe. Kazi ilianza Septemba 2011, ikaisha 2014. Nyuma ya kuta lilikuwa limelala tope la takriban mita za ujazo milioni 20; sehemu kubwa yake ikashuka ikajenga ufuo mpya baharini.

Watu walitegemea kusubiri sana. Stilhedi wa kiangazi alikuwa amehesabiwa kama aliyekwisha katika mto huo. Miaka michache baadaye wapiga mbizi waliokuwa wakihesabu samaki huko juu wakaanza kuwaona, na baadaye wakafika mamia. Hakuna aliyewaleta. Vipimo vya jeni vilionyesha walikotoka: ni uzao wa trauti waliofungiwa juu ya mabwawa karibu miaka mia, vizazi kwa vizazi bila kuiona bahari. Njia ilipofunguka, watoto wao wakaenda.

Kusini zaidi, mabwawa manne ya mto Klamath, kwenye mpaka wa Oregon na California, yameondolewa kati ya 2023 na 2024.

Nikikuta "steelhead" dukani, ninunue?

Karibu wote ni wa kufugwa kwenye vizimba. Kula kwa amani. Mjadala wa vizimba ni mwingine.

Navua kwa mshipi. Nifanye nini?

Soma kanuni za mto husika asubuhi ya siku hiyo, zinabadilika katikati ya msimu. Tumia ndoano moja iliyobonyezwa ule mwiba wake wa kurudi nyuma. Ukimpata mwenye pezi, asitoke majini hata kwa picha. Maji yakifika nyuzi 18, rudi nyumbani. Na usikanyage kokoto safi, zilizochimbuliwa kama shimo la kuku, wakati wa masika ya huku, yaani baridi inapokwisha; chini yake kuna mayai.

Trauti wa Mlima Kenya wanaweza kugeuka stilhedi?

Swali la mjomba wangu, na ni zuri kuliko anavyodhani. Kwa Kenya, hapana. Trauti wa Sagana akiteremka anaingia Tana, anakutana na Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na hata pasingekuwa na ukuta mmoja, joto lingemuua kabla hajainusa chumvi.

Ila imewahi kutokea kwingine. Trauti wa upinde wa mvua walipelekwa Argentina, na katika mto Santa Cruz, Patagonia, ambako maji ni baridi na njia iko wazi mpaka Atlantiki, baadhi yao walianza kwenda baharini na kurudi wakiwa wakubwa wa rangi ya fedha. Mto huo nao ulianza kujengewa mabwawa mawili.